Jabali Lililojua Visa vya Ndugu

Zamani, wajukuu, zamani za mawe kuwa na masikio! Mpo? Itikieni basi! Msipoitikia najisimulia mwenyewe, na kucheka nitacheka peke yangu.

Walikuwako ndugu wawili warina asali: Mwadime mkubwa, Kituri mdogo. Nyuki wao walikaa pangoni, katikati ya jabali refu. Ukichungulia chini, miti yaonekana kama mboga. Mmoja hushuka kwa kamba, mwingine huishika juu. Na desturi yao, sikieni: mshika kamba hana ruhusa ya kunyamaza. Husimulia kisa, husimulia, husimulia, ili aliye chini ajue mwenziwe hajasinzia wala hajakimbia.

Msinikodolee macho. Kamba yenyewe nimeishika kwa mikono hii. Haya, tazameni, kipande chake hiki hapa.

Siku hiyo waligombana tangu asubuhi.

"Mbuzi wa marehemu baba ni wangu," akasema Mwadime.

"Kila kitu chako! Hata kivuli changu utakidai!"

"Shuka huko, domo kaya!"

Kituri akashuka, akashuka, mpaka pangoni. Nyuki wanavuma. Juu, sauti ya kaka yake ikaanza: "Walikuwako ndugu wawili. Walikula chungu kimoja, wakalala ngozi moja, hawakutupiana neno baya. Mmoja akashuka jabali, mwenziwe akampandisha salama."

Kituri akatabasamu. Mara, gizani nyuma ya masega, sauti nyingine, laini, kama ya mtu anayebembeleza mtoto: "Walikuwako ndugu wawili. Waligombea mbuzi. Mmoja akashuka jabali, mwenziwe akaiachia kamba. Aliyeanguka ndiye mimi."

Jamani! Sogeeni karibu, msiniache peke yangu.

"Pima, Kituri," ikanong'ona. "Ninyi ni ndugu wa kisa kipi? Ikate kamba kabla hajaiachia, uje. Huku ndani kuna njia."

Kituri akapima. Wale wa kwanza hawakugombana hata siku moja. Watu hao hakuwajua. Wale wa pili walikuwa na mbuzi. Si ndio wao kabisa? Akachomoa kisu, akaanza kuikata kamba. Uzi mmoja ukaachia. Ukaachia wa pili.

Kamba ikavutwa. Kidogo tu. Ikatulia, ikavutwa tena, inatetemeka kama mkono wa mgonjwa. Kituri akasita. Katika visa vyote viwili, nani alitetemeka kwa uzito wa nduguye? Hakuna. Akakitupa kisu, hakikusikika kufika chini. Akakwea, na sauti zote mbili zikimwita kwa pamoja: "Kituri… Kituri…"

Juu akamkuta Mwadime kifudifudi, viganja vimechunika, kamba ameiuma kwa meno.

"Kaka! Umesimuliaje na kamba i kinywani?"

Mwadime akatema damu, akatema na jino. "Kisa gani, bwege wewe? Mikono iliniteleza ulipoanza tu kushuka. Sijasema hata neno."

Wakatazamana. Na kutoka chini kule, kwa sauti ya Mwadime mwenyewe, wakasikia: "Walikuwako ndugu wawili. Mmoja aliishika kamba kwa meno…"

Walitoka mbio, asali hawakuikumbuka. Na yule mbuzi? Walimgombea mpaka akafa kwa uzee.

Basi, wajukuu, ndugu yako usimpime kwa visa vya ndugu wa watu. Mtazame yeye anavyokushika.

Kisa kimefika ukingoni, mie nakitua hapa. Asiyeamini ashuke akaulize. Kamba nitamshikia mimi.