Mchwa Kwenye Sanduku la Kikundi

Wapendwa, someni kisa hiki kisha mumpelekee yeyote anayetunza fedha za wenzake.

Huko milimani Uluguru kilikuwapo kikundi cha kuweka na kukopa. Sanduku lao la mbao, lenye kufuli tatu, lilitunzwa na mwenyekiti wao, Skolastika Mkude, mama wa kanisani.

Siku moja akalivuta mvunguni. Kitako kikabaki sakafuni! Mchwa walikuwa wamekitafuna, pamoja na noti za wanachama.

Akamwita Odilia, mmoja wa washika funguo.

"Dada, tunyamaze," Odilia akasema. "Benki watatubadilishia, tutanunua sanduku la chuma. Nani atajua?"

Skolastika akakubali, akaenda kwa fundi kuagiza sanduku. Lakini tangu hapo kila akipiga magoti, sala haitoki.

Siku ya mkutano Odilia akamkonyeza afunge mkutano mapema. Skolastika akasimama.

"Ndugu zangu, mchwa wamekula fedha zenu. Hakuna aliyeiba. Kosa ni langu: niliambiwa niliinue sanduku juu ya matofali, nikapuuza. Benki hubadilisha noti zilizoharibika kidogo. Zetu za namna hiyo ni ngapi, bado sijui. Jumatatu nakwenda, na wawili wenu tufuatane. Jioni yake nitawaambia hapa hapa, hata kama habari ni mbaya."

Bibi Teodosia, ambaye hasikii vizuri, akauliza, "Kwa hiyo mimi nimeliwa?"

Watu wakaangua kicheko. Skolastika akamwendea, akachuchumaa, akamweleza upya polepole mpaka bibi akaridhika.

Ndipo akainuka mzee Kobelo, mkali kuliko wote.

"Mama Mkude, fundi wako ana mdomo. Alikuuliza sanduku la zamani limekuwaje, ukamwambia limeliwa. Kijiji kizima kinajua tangu juzi. Sisi leo tumekuja kuvunja kikundi. Tulikuwa tunangoja tu ufunge mkutano bila kusema."

Odilia akainamisha uso. Skolastika akamgeukia Kobelo.

"Sasa mnaamuaje, baba?"

"Jumatatu mimi nafuatana nawe," Kobelo akajibu, akaingiza mkono mfukoni. "Na wewe katibu, unashangaa nini? Andika hisa zangu za leo."

Funzo: Ukitunza fedha za watu, waeleze mapema kilichotokea, kwa maneno wanayoyaelewa, na usiwafiche hata usichokijua, hapo, Mungu akipenda, wataendelea kukukabidhi chao.