Wageni wa Paa la Sultani

Hapo zamani, katika mji wa Mtamani, alikuwako Sultani Nasibu, mtu aliyependa sifa kuliko wali. Naye alisifiwa kwa ada moja ya babu zake: mtu yeyote akiingia chini ya paa la Sultani, awe tajiri au mwizi, hatoki na njaa. Kila sikukuu aliitangaza ada hiyo kwa ngoma, mpaka watu wakaichoka.

Ikawa mwaka mmoja akaamuru kila nyumba iliyoko kwenye njia yake ya msikitini ikarabatiwe kabla ya Idi, na isiyokarabatiwa ibomolewe, maana macho yake hayakuumbwa kutazama makuti yaliyooza. Basi njiani pale palikuwa na nyumba ya Faki, maskini asiye na kazi ila maneno. Paa lake lilivuja hata kwa umande, na mkewe, Bi Mize, alipika amejifunika ungo kichwani.

"Nyumba hii aliniachia marehemu mama yangu," akasema Bi Mize. "Ikibomolewa, wewe utalala na maneno yako. Mimi silali nayo."

Faki akaenda kwa Sultani kukopa.

"Nitakupa fedha za kuezeka," akasema Sultani, "lakini paa hilo litakuwa langu mpaka ulipe. Na mwaka ukiisha hujalipa, nyumba nzima ni yangu."

"Litakuwa lako kweli, bwana wangu, kama hili tulilo chini yake?"

"Kama hili hili. Waziri, shuhudia!"

Paa likaezekwa, Idi ikapita, mwaka ukakaribia kwisha na Faki hana hata senti. Bi Mize akaanza kufunga vyungu vyake huku analia.

"Vifungue, mke wangu," akasema Faki. "Ila usiwashe moto."

Kisha akatoka, akakaribisha wachukuzi, wachuuzi, na jamaa zake wote, ambao hawakuhitaji kubembelezwa. Nyumba ilipojaa, akatuma habari jikoni kwa Sultani kwamba wageni wake wamekaa chini ya paa lake, nao wanauliza biriani iko wapi.

Waziri akaja mbio. "Mwendawazimu wewe! Hawa ni wageni wako!"

"Wangu? Mimi hapa nina kuta tu. Tazama juu, Waziri. Lile ni la nani? Si ulishuhudia mwenyewe?"

Waziri akatazama juu, akarudi mbio kwa Sultani. Sultani naye akaona amenaswa: akilikana paa, amepoteza rehani yake, akiikana ada, ameaibika mbele ya mji mzima. Basi masinia yakatoka. Kesho yake wageni wakazidi, kesho kutwa wakaja na watoto, ikawa jiko la Sultani linakopa mchele sokoni.

Mwishowe Sultani akaja mwenyewe kwa miguu. Akawakuta watu wanalamba vidole, akacheka mpaka kilemba kikamwanguka.

"Faki, shetani mkubwa! Deni nimelifuta. Chukua paa lako kabla sijafilisika!"

"Nimelipokea, bwana wangu. Ila kuta nazo zina nyufa, nilikuwa naomba kukopa tena kidogo..."

"Kukopa!" Sultani akaruka. "Waziri, mpe chokaa, mpe mafundi, mpe bure! Huyu hakopeshwi tena katika nchi yangu!"

Siku ile Bi Mize akawasha moto jikoni mwake, na kwa mwiko wa kupikia akawafukuza jamaa za mumewe. Nami nilipofika, masinia yalikwisha lambwa; nikaambulia hekaya hii tu.