Tonge la Bibi Kiboko

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, wanyama walipokuwa bado wakisonga ugali na kualikana, Mzee Ngiri aliwaita majirani waje kula kwake. Wageni wakala, wakacheka. Mwana wa Ngiri, Kidunda, akarusha zambarau juu, akaidaka kwa mdomo. Gluk! Kokwa likamkwama kooni.

"Kho! Kho!" Kisha kimya. Mtoto akashika shingo, macho yamemtoka, sauti haitoki.

"Ugali!" akanguruma Bibi Kiboko, mkubwa wa kijiji. "Tonge kubwa! Alimeze, lisukume kokwa!"

Nguchiro, aliyekuwa akiosha vyombo, akaweka sufuria chini. Tonge hilo alilijua. Mavuno yaliyopita mwanawe Chiku alikwamwa na mfupa, Bibi Kiboko akamsukumia tonge kama hilo, na jioni wakamzika. Wote walisema siku zake zilifika. Uchungu ule ulikuwa haujapoa hata kidogo.

Lakini nani angemwambia Bibi Kiboko hapana?

"Bibi yangu," akasema upesi, "tonge la dawa si huonjwa kwanza na mkubwa? Tena afumbe macho, asiseme neno mpaka amalize. Bila baraka yako litafaa nini?"

"Ehee! Wewe ndiye uliyefunzwa adabu!" Bibi Kiboko akajaza kinywa, akafumba macho. Nyam, nyam, nyam.

Fyuu! Nguchiro akamvuta Kidunda, akamlaza kifudifudi juu ya kinu kilicholala, kichwa chini. Akampiga katikati ya mabega. Pu! Pu!

"Unaniulia mwanangu!" akalia Mzee Ngiri.

"Niache, baba Kidunda!" Pu! Pu! Pu!

Kokwa likaruka, likagonga sufuria. Ting! Kidunda akavuta pumzi, akaangua kilio. Baba yake akapiga magoti palepale, akamkumbatia.

Bibi Kiboko akafumbua macho, shavu bado limejaa. Akalitazama kokwa. Akamtazama Nguchiro. Kisha akalitema tonge polepole.

"Nguchiro," akasema kwa sauti ndogo, "kumbe Chiku..."

"Ndiyo, bibi," akajibu Nguchiro, machozi yakimtiririka. "Na Chiku naye angelia hivi."

Nami naiacha hadithi hapo penye kinu, wajukuu zangu: kilichomkwama mtoto kooni hutolewa kilikoingilia, hakisukumwi ndani, hata aamuru mkubwa gani.