Nambike Aliyeshindana na Maji

Hadithi!

Nanyi mjibu: Ipande kilima!

Na ikishapanda?

Iteremke kwetu!

Vizuri. Endeleeni kupukuchua mahindi, masikio yenu hayana kazi. Na wewe uliye pembeni, acha kumchokoza mwenzako, nimekuona.

Palikuwa na zama, zama ambazo hata bibi yangu alisimuliwa tu, vilima hivi vyetu vilipokuwa na watu wachache na chui wengi. Katika zama hizo palikuwa na binti akiitwa Nambike. Alikuwa na mbio, wajukuu zangu! Akitumwa moto kwa jirani, alirudi kabla kuni hazijapangwa. Tena alijijua kuwa ana mbio, na hapo ndipo palipokuwa na kasoro, maana mwenye kipaji akijijua mno huanza kuwaona wenzake magogo.

Baba yake, Sekimbo, alikuwa mpiga mbiu wa maji. Ile ndiva mnaijua, lile bwawa la huko juu linalojaa usiku na kufunguliwa alfajiri. Basi siku ya kwanza ya maji, mkuu wa ndiva, Mzee Kangero, alikuwa akichomoa kizibo, maji yakaingia mferejini, na mpiga mbiu akatimua mbio. Ilimpasa ayatangulie maji. Alipita vilimani akiita kaya moja baada ya nyingine, "Fungueni lango! Maji yanakuja!" Nao wakajibu kutoka chini, "Tumesikia!" Asipojibiwa, haondoki.

Kwa nini wasiache malango wazi tangu jana yake? Nilijua utauliza. Kwa sababu ndiva huvuja usiku kucha, na maji ya kuvuja yakiingia shambani huozesha mbegu. Lakini maji makubwa nayo yakikuta lango limefungwa, mfereji unapasuka, na shamba zima, udongo na mbegu, linakwenda korongoni. Ndiyo maana akatakiwa mtu wa kukimbia na watu wa kusikia.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mwaka ule ulitanguliwa na njaa. Watu walikula maharage mpaka mbegu. Mtu mmoja tu, Bibi Nakiete, mjane aliyekaa mkiani mwa mfereji, alificha kibuyu kimoja cha mbegu, akakataa kukipika hata tumbo lilipomlilia. Mwaka huo akapanda zote, akatangaza kwamba akivuna atagawia kila kaya. Kwa hiyo maharage yote ya vilima hivi yalikuwa katika shamba lile moja. Na mwaka huohuo goti la Sekimbo likavimba, mbiu akapewa Nambike.

"Mwanangu," Sekimbo alimwambia, "njia inapita Jiwe la Tanuru, Jiwe la Pango, Jiwe la Bao, inaishia Jiwe la Mkiani. Panda juu ya kila jiwe ndipo uite. Usiikate."

"Lakini baba, njia hii inapanda kila kilima! Hakuna hata kimoja inachokiacha. Korongoni chini pamenyooka."

"Usiikate, Nambike."

"Sawa, baba," akasema. Mdomo ulisema sawa. Miguu haikusema kitu.

Alfajiri Mzee Kangero akachomoa kizibo. Maji yakanguruma, Nambike akaondoka. Akakimbia, akakimbia, akakimbia, mpaka penye njia panda. Kulia, kilima. Kushoto, korongo. Akatazama nyuma, hakuona mtu. Akashika kushoto.

Alifurahi, nisiwafiche. Njia ilinyooka, umande ulimlowesha miguu, na alikuwa akijichekea peke yake kwa jinsi wazee walivyojichosha miaka yote ile. Akafika chini ya kaya ya kwanza hata jasho halijamtoka. Akaita, "Fungueni lango! Maji yanakuja!"

Kimya.

Akaita tena, kwa nguvu zaidi. Kijito cha korongoni kilikuwa kikipiga kelele zake, na kuta za mawe zikamrudishia sauti yake mwenyewe. Huko juu, jogoo akawika. Mtu hakujibu.

Hapo ndipo Nambike alipoelewa, na moyo ukamwenda mbio kuliko miguu. Njia ya wazee haikupanda vilima kwa kupenda vilima. Ilifuata mahali sauti ya mtu inapoweza kushuka hadi mlangoni kwa mtu.

Akageuka, akaparamia kilima kwa mikono na magoti. Akapanda, akapanda, akapanda! Akatokea Jiwe la Tanuru, pale wahunzi wa kale walipoyeyushia chuma, makaa yao yangalipo hadi leo. Akaita. Chini watu wakaruka kama waliomwagiwa uji wa moto. "Tumesikia!" Lango lilifunguka huku maji yakiwa yameshafika.

Hakupumzika. Akashika mgongo wa kilima, jua likichomoza, nyika yote ikiwa chini yake upande mmoja na mashamba upande wa pili. Njia nzuri jamani, mtu angependa kuikimbia bila shida yoyote kichwani. Akafika Jiwe la Pango, walipojificha mababu siku za kutekwa watu, mpaka sasa dari yake ina masizi ya mioto yao. Akaita, wakajibu. Akakimbia mpaka Jiwe la Bao, ambako wasafiri wa kale walichonga mashimo jiweni wakacheza huku wakingoja jua lipoe. Akaita, wakajibu. Lakini sauti ilikuwa imeanza kukwaruza, kwa sababu alikuwa ameimaliza kule korongoni akiyapigia mawe kelele.

Akafika Jiwe la Mkiani. Akafungua mdomo.

Ikatoka "Fyuu!" Basi. Fanyeni niisikie. Eeh, hivyohivyo.

Chini akamwona Bibi Nakiete amempa mgongo, anachambua mboga. Na mferejini akayaona maji, yanameremeta, yanakuja. Yamebakiza mwendo wa kutema mate mara tatu.

Nambike akateremka. Hakukimbia, aliporomoka, nusu kwa miguu, nusu kwa makalio. Langoni asingewahi kufika, basi akatumbukia mferejini mbele ya maji, akakaa chini, akaweka mgongo. Maji yakampiga mabegani. Akang'ang'ania kingo kwa mikono miwili.

Bibi Nakiete akageuka. "Ee! Mtu gani huyo anaoga mferejini kwangu?"

"Bibi, lango!" Sauti ilikuwa ya chura.

"Hakuna salamu siku hizi?"

Jamani, mnamjua bibi wa milimani. Bila salamu hata nyumba ikiungua haondoki.

"Shikamoo, bibi!"

"Marahaba, mjukuu wangu. Kwenu hawajambo?"

"Hawajambo! Bibi, la..."

"Mbuzi nao?"

"Hawajambo! Maji yamenifika shingoni, bibi!"

"Nayaona," akasema Bibi Nakiete. Akajifunga kanga kiunoni, akachomoa kizibo cha mgomba kilichofunga lango, kwa mkono mmoja. Maji yakageukia shambani, polepole, tuta kwa tuta. Hata mbegu moja haikwenda.

Mchana watu wote walikusanyika ndivani. Nambike akapigiwa vigelegele. Aliyezuia maji kwa mgongo wake! Mzee Kangero akasema watamtungia wimbo. Sekimbo alikuwa anatabasamu mpaka masikioni.

Nambike angeweza kunyamaza. Nani aliyemwona njia panda? Hakuna. Alitazama tabasamu la baba yake, akaona aibu.

"Msinitungie wimbo," akasema. "Nilikata njia. Nilipita korongoni, sikusikika. Nusura niwamalizie mbegu kwa jeuri yangu."

Vigelegele vikakatika. Sekimbo akatazama chini. Watu wote wakamgeukia Mzee Kangero atoe hukumu, maana sheria ya maji ilikuwa kali.

Mzee Kangero akaegemea fimbo yake.

"Nilikuwa mpiga mbiu kabla ya Sekimbo," akasema. "Mwaka wa nzige nilikata palepale. Shamba la mkiani likaenda na maji. Nikaapa kwamba niliita, ila watu walikuwa wamelala."

"Kumbe ni wewe!" Bibi Nakiete akasimama. "Mimi ndiye niliyekuwa langoni siku ile. Nilikuwa msichana. Baba alinichapa kwa usingizi ambao sikuulala!"

"Najua, Nakiete. Kila mwaka nikichomoa kizibo naiona miguu yako yenye alama za fimbo." Machozi yakamtoka mzee wa watu, mbele ya wakwe na wajukuu. "Huyu amesema siku hiyohiyo. Mimi nimechukua miaka hamsini. Nimhukumu vipi?"

Bibi Nakiete akamsogelea, akamtazama juu mpaka chini, fimbo yake ya kutembelea, miguu yake iliyopinda.

"Basi nitahukumu mimi," akasema. "Mwakani Nambike atakimbia tena. Nyuma yake watakimbia watoto wote wa vilima hivi, wayajue mawe, asibaki mtu peke yake penye njia panda. Na wewe, Kangero, utatangulia siku moja kabla, kwa hiyo fimbo yako. Utapanda kila jiwe. Ukifika la Mkiani, uniite kwa sauti. Nitakuwa langoni, macho nimeyakodoa."

Watu wakaangua kicheko. Mwaka uliofuata mzee akapanda, jiwe kwa jiwe, akipumua kwa taabu. Akasimama Jiwe la Mkiani, akaita. Na kutoka chini sauti ya Nakiete ikapanda, nyembamba, safi, ikasikika vilima vyote:

"Nimekusikia, Kangero! Nimekusikia!"

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mnaimba hivyo shuleni. Nambike hakuvunjika, alilowa tu. Lakini njia ya wakubwa ikikuzungusha, uliza kwanza inazungukia nini. Na ukikosea, sema leo, maana kosa lililofichwa kuna mwenzako anayechapwa kwa ajili yake.

Hadithi yangu imepanda kilima, imeteremka, imefika. Nzuri ni yenu, chukueni. Mbaya ni yangu, nitalala nayo.