Kikombe cha Mwingereza na Sinia la Mmarekani

Kulikuwa na wakati Mwingereza na Mmarekani walikuwa mtu mmoja. Walikuwa na kisiwa kimoja, mvua moja na chungu kimoja, wala hakuna aliyecheka sahani ya mwenzake, kwa sababu sahani zilikuwa zilezile. Watu wa leo wakiambiwa hivyo huguna. Waache wagune, ila wakae wasikilize, maana wengine watawaambia kwamba waliotenganisha watu hawa ni mfalme na vita. Kilichowatenganisha kilikuwa uji.

Katika kisiwa hicho aliishi mjane mmoja na binti zake wawili. Mkubwa aliitwa Hesta, mdogo Dorkasi. Mjane huyo alikuwa na uji wake wa unga wa ngano na maziwa, mwepesi, usio na utamu wala chumvi ya maana. Mtu wa huku kwetu angeonja kijiko kimoja akauliza chakula chenyewe kiko wapi. Lakini uji ule haukupikwa kwa ajili ya njaa. Ulipikwa kwa mtu aliyefiwa, au aliyekuwa karibu kuambiwa jambo la kumliza. Mama alikuwa na sheria yake, kwamba tumbo tupu halipokei msiba, na nyumbani kwake habari mbaya haikutamkwa mpaka mwenye kuambiwa amelimaliza bakuli. Ukiwekewa bakuli lile na hakuna anayekuambia kitu, ulijua. Ulikula lote, kisha ukauliza, "Nani?"

Dorkasi aliolewa na seremala mmoja, Obadia, wakavuka bahari kwenda nchi mpya. Ngano haikuwepo ya kutosha kule, na wenyeji wa nchi ile ndio waliomfundisha kutwanga mahindi. Kila alipomkumbuka mama yake alipika ule uji kwa unga wa mahindi ya njano, na alimkumbuka kila siku. Kulia peke yake msituni kulimchosha, akaanza kuita majirani. Jirani wa karibu alikuwa mwendo wa nusu siku, na mtu aliyetembea nusu siku humwambii arudi na vijiko viwili tumboni. Basi chungu kikakua. Kikatiwa asali, kikatiwa boga, kikatiwa siagi. Mazoea yana tabu. Miaka kumi na miwili ikapita, na uji wa kilio ukawa uji wa sherehe bila Dorkasi mwenyewe kujua uligeuka siku gani.

Kisha mama akafa, na Hesta ndiye aliyemfumba macho. Angeweza kutuma barua, lakini barua haipiki. Alifunga unga wa ngano katika mfuko mdogo, akapanda merikebu, akatapika wiki tisa. Njia nzima hakufikiria maneno ya kumwambia mdogo wake. Alifikiria maziwa tu, kwamba asiyaache yakafurika.

Dorkasi alipomwona mlangoni alimrukia shingoni, akamwaga machozi ya furaha, akamtuma Obadia awaite watu wote anaowajua na wengine asiowajua. Dorkasi alipouliza habari za mama, Hesta aliomba nafasi jikoni.

"Mdogo wangu, niachie moto kidogo. Nataka nikupikie."

"Pika, dada. Miaka mingapi sijapikiwa na mtu wa kwetu."

Hesta alipika, akaliweka bakuli mbele ya mdogo wake, akakaa kimya kama alivyofunzwa. Dorkasi alilitazama akacheka. "Dada, hiki ni cha mtoto mchanga. Watu wanakuja." Akalimimina lote katika chungu kikubwa na kukoroga. Hesta aliuona unga wa kwa mama ukizama katika asali. Alitaka kusema, lakini bakuli halikuwa limeliwa, na sheria ni sheria. Aliwasalimia wageni, akasema nchi yao ni nzuri.

Siku ya pili alipika tena. Safari hii Dorkasi alilichukua bakuli kwa mikono miwili, na Hesta akajua saa imefika, akashika ukingo wa meza. Mara akaingia kikongwe mmoja asiye na meno, aliyetoka mbali, na Dorkasi akamkabidhi bakuli palepale.

"Nilikupikia wewe," Hesta alisema.

"Najua. Huku hatuli mgeni akitutazama, dada. Kuna ubaya?"

Hesta alisema hakuna ubaya. Watu wa kisiwa kile husema hivyo ubaya unapokuwa mkubwa sana. Alikwenda kusimama nyuma ya nyumba mpaka uso ulipotulia, na moyoni alimwonea uchungu mdogo wake, na papo hapo alimkasirikia, hata hakujua aanze na lipi.

Siku ya tatu nyumba ilijaa. Katikati ya mlo Dorkasi alisimama, mashavu yakimng'aa, akatangaza kwamba kiangazi kijacho atamleta mama yake aishi naye. Obadia akatoa kiti alichokichonga kwa siri, chenye mto wa manyoya na mahali pa kuegemeza miguu. Watu walipiga makofi. Mmoja alimgeukia Hesta akamuuliza kama bibi anapenda kukaa karibu na moto au karibu na dirisha.

Hesta aliinuka akauchukua mfuko wake. Mfukoni ulibaki unga wa konzi moja. Aliupika mbele ya wote, akaliweka bakuli mikononi mwa mdogo wake, akamshika viganja visiweze kwenda popote.

"Kaa chini, Dorkasi. Ule wote, usimpe mtu."

Dorkasi alianza kucheka, kisha akatazama ndani ya bakuli. Uji ulikuwa mweupe. Siku mbili ulipita mikononi mwake bila yeye kuutazama sawasawa; sasa aliutambua, uji wa kwa mama. Alikaa kwenye kile kiti, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu, akala kijiko baada ya kijiko, na watu wakamtazama bila kuelewa. Alipomaliza aliuliza, "Nani?" ingawa alikwisha kujua.

"Mama. Tangu majira ya baridi."

Dorkasi alipiga yowe. Majirani ambao hawakuwahi kumwona yule mama walilia naye, wakamkumbatia, wakamletea sahani juu ya sahani, wakamwambia awasimulie alikuwa mtu wa namna gani. Naye alisimulia, akilia na kula. Hesta hakuweza kuvumilia. Alitoka nje, akaosha bakuli. Aliliosha mara nne.

Mdogo wake alimfuata. "Siku tatu umenitazama nikicheka, na mama yuko kaburini. Ungeniambia mlangoni."

"Siku tatu nimekupikia. Ulisahau maana yake."

"Ningelia na wewe, dada."

"Umelia na watu nisiowajua hata majina."

Wote wawili walikuwa na haki, na ugomvi wa namna hiyo hauna mzee wa kuusuluhisha. Merikebu ilipotweka tanga, Hesta aliondoka nayo. Hawakuonana tena.

Alipofika kwao aliapa kwamba chakula cha msiba katika nyumba yake kitakuwa kidogo kiasi cha kutogawanyika, cha moto, cha mtu mmoja. Dorkasi naye aliapa kwamba kwake habari haitasubiri chungu. Mtu aseme mlangoni, ndipo kiletwe chakula, tena kingi, asije mtu akakaa na msiba peke yake katikati ya watu wanaocheka. Kila mmoja aliwafunza watoto wake, na watoto wakaongeza yao; wa Hesta wakawa Waingereza, wa Dorkasi wakawa Wamarekani.

Na tangu siku hiyo, Mwingereza akifikwa na jambo, wenzake huweka birika motoni kabla ya kufungua mdomo. Humpa kikombe cha chai ya maziwa, na mambo yakizidi, maharage ya kopo juu ya mkate uliochomwa, huku wakizungumza habari za mvua. Mmarekani akifikwa, hueleza yote kabla hujaketi, na jua halijazama jirani amekwisha kuleta sinia la makaroni yaliyookwa kwa jibini, la kutosha ukoo mzima, na kumuuliza anajisikiaje. Kila mmoja akiona chakula cha mwenzake huuliza kama kweli hicho huliwa na watu. Ukikibeza chake, anakuwa mkali kama umeikanyaga bendera yake.

Ukiwakuta wanachekana sahani, usiingie kuamua. Ni dada wawili waliofiwa na mama, na mpaka leo hawajalia pamoja.