Kitufe Kilichohamia Kushoto

Hapo zamani, na msinikunjie nyuso, zamani yangu hii haina majini wala wafalme. Ni zamani ya juzi tu, umeme upo, simu zipo, na Ngamiani ya Tanga iko palepale ilipo leo. Sogeeni. Mwenye usingizi akalale kwake, maana nikimaliza nitawauliza swali, na sitaki jibu la mtu aliyesinzia.

Palikuwa na bibi akiitwa Bi Mwanakombo, fundi wa bao. Nasema fundi, sisemi mchezaji. Wachezaji wamejaa tele, kila baraza inao. Fundi ni yule ambaye akikaa mkekani watu wanaacha kahawa ipoe. Walikuja wanaume wa Pangani, akawafunga. Wakaja wa Korogwe, akawafunga. Akaja fundi wa Muheza, Mzee Shehoza, mwenye maneno mengi kuliko kete zake, naye akafungwa, akarudi kwao akisema mwanamke yule ana bahati. Mwaka wa pili akaja tena, akafungwa tena. Bahati gani hiyo isiyochoka? Sisi wa Ngamiani tulitembea vifua mbele, utadhani tumefunga sisi.

Bao lake lilikuwa la mvule, gogo moja, lilichongwa na baba yake. Mashimo yake yalikuwa laini kwa kusuguliwa na vidole vya Bi Mwanakombo mwenyewe.

Basi kiharusi kikampiga. Upande wa kulia ukafa wote. Mkono wa kushoto ukabaki, lakini vidole vimelegea, kete zinamponyoka. Kidole gumba peke yake ndicho kilichomtii, nacho kilikuwa kinatetemeka. Ulimi, alhamdulillahi, ulibaki mzima, tena mkali kuliko mwanzo.

Mtasema, si acheze kwa mdomo? Amwambie mtu chota hapa, tawanya kule? Ndiyo kwanza mmekuja mjini nini? Barazani kwetu kuna sheria, kete haisemewi. Anayecheza ndiye anayesogeza kete kwa mkono wake, na ukisogezewa, aliyecheza ni huyo aliyekusogezea. Na aliyeisimamia sheria hiyo kwa ukali kuliko wote alikuwa ni Bi Mwanakombo. Aliwahi kumtoa mkekani mzee mzima aliyeteguka bega, akamwambia arudi akipona. Wazee walipomwendea na kumwambia, "Bi Mwanakombo, kwako tutalegeza," aliwafukuza.

"Mwenye bega sikumwonea huruma. Mimi mnionee ya nini?"

Na kuna sheria ya pili. Kila Idi Pili, fundi wa baraza humjibu yeyote atakayekuja kumtaka wacheze. Asipojibu, anapisha kiti. Mzee Shehoza aliposikia habari za kiharusi, akatuma salamu kutoka Muheza: "Mwambieni pole. Na mwambieni mwaka huu siji kucheza, nakuja kukaa."

Siku ile Bi Mwanakombo alilia. Hakulilia mkono wala mguu, alikililia kiti chake. Alipomaliza akawaita wajukuu zake watatu, akasema, "Atakayenirudisha mkekani nikacheza kwa mkono wangu mwenyewe, bao hili la baba yangu ni lake. Lake peke yake. Nimesema."

Wajukuu wenyewe ni hawa. Wa kwanza Mbwana, mwuza mitumba ya redio na tarakilishi. Wa pili Hidaya, dada yake, fundi simu mwenye meza yake karibu na stendi. Wa tatu Sufiani, binamu yao, aliyejifunza kuandika programu na kuitwa mvivu na mtaa mzima kwa sababu kazi yake anaifanya ameketi.

Walianza na simu. Sufiani alichora bao kwenye kioo cha simu, wakampa Bibi. Kidole gumba kikatetemeka, na kioo kikachukua kila mtetemo kuwa ni amri. Kete zikakimbia huku na huku. Bibi akasema, "Ondoeni. Mimi nataka kitu ninachokibonyeza, na nikikibonyeza nijue nimekibonyeza."

Kitu chenye vitufe. Kinachoshikika mkononi. Wakatazamana wote watatu, wakasema kwa pamoja: mashine ya gemu! Zile ndogo za mkononi, walizogombania utotoni mpaka wakachapwa.

Mbwana akashika njia kwenda kwenye soko la mitumba. Akazikuta zimemwagwa juu ya turubai, lundo. Mwuzaji akamwinulia moja inayong'aa, haina hata mchubuko.

"Chukua hii, kaka. Mpya kabisa."

Mbwana akaiwasha, akaingia kwenye mipangilio, akasoma namba ya mfumo, akairudisha. Akainuliwa nyingine inayong'aa. Akaiwasha, akasoma namba, akairudisha. Watu wakaanza kumcheka. Huyu ananunua gemu au anasoma gazeti?

Hawakujua anachokitafuta. Mashine zile hukubali gemu za kampuni iliyozitengeneza tu, na ni kampuni gani imewahi kukaa chini ikatengeneza bao la Tanga? Za zamani zilibaki na upenyo, mtu mwenye akili anapenyeza humo kazi yake mwenyewe. Lakini kila mashine iliyoapdetiwa, yaani iliyowekewa mfumo mpya, upenyo umezibwa. Zilizong'aa zote zilikuwa zimeapdetiwa na wenyewe waliozipenda. Mbwana alitaka ile iliyosahaulika kabatini.

Akaipata chini kabisa. Imechubuka, ina stika ya sungura mgongoni, mfuniko wa betri umepasuka. Akabonyeza kila kitufe, vyote vikaitika. Akasoma namba, akatabasamu. Mwuzaji akamwambia, "Hiyo ni takataka, kaka." Mbwana akajibu, "Ndiyo ninayoitaka."

Nyumbani walimcheka vilevile. Bibi akaitazama, akamtania Mbwana, "Mume wangu, siku zote nilijua macho yako mabovu, ndiyo maana ulinichumbia mimi."

Ikafika kwa Hidaya. Hidaya akafungua mfuniko, akakuta betri imevimba. Akaitoa, akaweka nyingine. Kisha akaingia kwenye kazi yenyewe, kupenya ule upenyo. Na kazi hiyo, jamani, haina mchezo. Umeme ukikatika katikati, mashine inakufa, inakuwa jiwe, na nyingine kama ile hamna. Mji wetu na umeme wake mnaujua. Hidaya akaiunga kwenye betri ya gari ya jirani, akazima feni, akamfukuza kila mtu chumbani, akafanya. Mashine ikazima. Akangoja. Ikawaka, na kwa mara ya kwanza tangu itengenezwe ikakubali kusoma kadi ya memori isiyo ya kampuni.

Wengine wangeishia hapo. Hidaya akamtazama bibi yake, akaitazama mashine, akaona wasiloliona wenzake. Mishale ya kuchagulia iko kushoto, sawa. Lakini kitufe cha kukubali kiko kulia, na kulia kwa Bibi kumekufa. Basi akatoboa gamba, akavuta nyaya nyembamba kama nywele, akazichomelea kwa risasi iliyoyeyushwa, akakihamisha kile kitufe kutoka kulia akakileta kushoto, jirani na mishale, mahali ambapo kidole gumba cha Bibi kinafika bila kunyooka. Bibi akakibonyeza. Kikalia, tik.

"Nimekibonyeza," akasema Bibi. "Mke mwenzangu, nimekibonyeza na nimejua."

Ikafika kwa Sufiani. Aliandika bao zima upya, mashimo yote, kichwa cha kushoto na cha kulia mwishoni mwa safu, kula na kutawanya, mpaka sauti ya kete kudondoka juu ya mbao. Akaliweka kwenye kadi, akampa Bibi mashine. Bibi akacheza. Uso ukaanza kunyooka. Mara kete yake ya mwisho ikaangukia kwenye nyumba yake, lile shimo kubwa la mbele lililojaa kete, na mashine papo hapo ikaichota nyumba yote ikaitawanya.

Bibi akapiga ukelele. "Nani kaisafirisha nyumba yangu? Nani kaniuliza?"

Mnaocheza bao mmeshaelewa. Kete yako ikiishia kwenye nyumba yako, una hiari. Waweza kuiacha ilale, ukatulia, au kuichota isafiri. Hiari hiyo ndiyo inayomtenga fundi na mchezaji. Lakini Sufiani ni kijana, na vijana wetu wana pupa, hawajawahi kuiacha nyumba ilale hata siku moja. Akaandika bao kama anavyolicheza, nyumba ikifikiwa, inachotwa.

"Miguu yangu haisafiri," akasema Bibi, machozi yakimtoka mara ya pili, "na nyumba yangu nayo inasafiri bila ruhusa yangu! Liondoeni dude lenu."

Sufiani aliondoka amevunjika moyo. Akaenda barazani, akakaa pembeni, akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akawatazama wazee wakicheza polepole. Kisha akarudi nyumbani akalifumua bao lake lote na kuliandika upya. Sasa kete ikiishia nyumbani, mashine inasimama na kuuliza kwa maandishi makubwa: ILALE AU ISAFIRI? Inangoja, hata kidole kitetemeke vipi.

Idi Pili ikaja. Mzee Shehoza akaja na kanzu mpya na wapambe wake. Bi Mwanakombo akaletwa kwenye kiti cha magurudumu, mashine imefungwa kwa kitambaa kwenye kiganja cha kushoto.

"Hilo ni nini?" akauliza Shehoza.

"Bao."

"Bao lina mbao na kete!"

"Kete haisemewi, si ndiyo?" akajibu Bibi. "Basi hakuna anayenisemea. Kidole ni changu, kinachosogeza ni hicho. Wewe uliyesema unakuja kukaa, unaogopa kidole kimoja cha mwanamke mgonjwa?"

Wazee wakanong'ona, wakakubali, kidole gumba ni mkono. Shehoza akaona aibu kukataa. Wakacheza, mashine ikifunguliwa kwenda kwake na kufungwa tena kiganjani kwa Bibi, na sisi tumeinama juu ya kioo kile kidogo mpaka vichwa vinagongana.

Shehoza alicheza vizuri, nisimdhulumu. Alikula kushoto, akala kulia. Kete ya Bibi ikaishia nyumbani. ILALE AU ISAFIRI? Vijana wote tukapiga kelele isafiri! Kidole kikatetemeka, kikatulia. Tik. Ikalala. Shehoza akacheka, "Mgonjwa, nyumba nayo imelala!" Akajaza safu yake ya mbele kwa furaha.

Zamu ikarudi. Kete ya Bibi ikaishia nyumbani tena. ILALE AU ISAFIRI? Tik. Ikasafiri. Wallahi ikasafiri! Ikazunguka, ikala, ikazunguka, ikala, ile sauti ya kete iliyoandikwa na Sufiani ikilia mfululizo, na ilipotua, safu ya mbele ya Shehoza ilikuwa mashimo matupu. Mwanamke asiyeweza kuvuka kizingiti mwenyewe alikuwa ameizunguka dunia kwa kidole kimoja. Nililia, sioni haya kusema. Ngamiani nzima ilipiga vigelegele, na Shehoza mwenyewe akainama, akakibusu kile kidole.

Sasa tegeni masikio. Bibi akaagiza lile bao la mvule, likawekwa mapajani mwake. Wajukuu wakasimama mbele.

Mbwana akasema, "Bibi, bao ni langu. Bila mimi wangenunua ile inayong'aa. Betri mbovu hubadilishwa, upenyo uliozibwa haubadilishwi. Walinicheka wote, wewe mmojawapo, na sikuyumba. Mimi ndiye niliyechagua."

Hidaya akasema, "Kaka alileta jiwe lenye betri iliyovimba. Niliyelifanya lisikie ni mimi, na mkono wangu ungeteleza mara moja tu, mngenilaumu mimi peke yangu. Na kitufe je? Hakuna aliyeniagiza. Wao walitazama mashine, mimi nilimtazama Bibi. Bila kitufe kile, Bibi, ungekuwa na gemu nzuri usiyoweza kuicheza."

Sufiani akasema, "Bila mimi Bibi angekuwa anatungua ndege za vita kwenye gemu za kampuni. Bao lililochezwa leo ni la nani kama si langu?"

"La kwako lilimliza Bibi!" akasema Hidaya.

"Lilimliza, ndiyo. Nyie mlipatia mara moja, mimi nilikosea mbele yake, nikafukuzwa, nikarudi. Na lile swali lililompa Bibi ushindi, ilale au isafiri, nani aliliandika?"

Wapambe wakasema, gawaneni. Bibi akawakemea. "Gogo moja hili. Ukilikata, ni kuni." Kisha akawatazama wajukuu zake, mmoja mmoja, uso umemjaa fahari mpaka upande uliokufa ukaonekana kama unacheka. "Sufiani, andika majina yenu matatu humo ndani ya mashine. Kete haisemewi. Nitachagua kwa mkono wangu."

Sufiani akayaandika. Mashine ikarudi kiganjani. Kidole gumba kikapita juu ya jina la Mbwana, kikapita juu ya la Hidaya, kikapita juu ya la Sufiani, kikarudi tena mwanzo.

Mimi ninaachia hapo. Wewe uliyekaa mbele, na wewe unayejificha nyuma, huko kuguna sikukubali. Kidole kiko juu ya kitufe, na Bibi anasubiri. Je, kingekuwa kidole chako, ungebonyeza jina la nani?