Hoho za Mama Fabian

Ilani kwa wakazi wote wa Daa, wenye mashamba na wenye ndimi ndefu: binadamu mwenye akili timamu haunguzwi na chakula kilicho kwenye sahani ya mwenzake. Ukweli huu hauna mpinzani. Kwa bahati mbaya Penina alikuwa hajaupata, maana Jumamosi hiyo mchana alikuwa amepiga magoti kwenye bustani ya jirani, akizifinya hoho kwa kucha.

Miaka yote, Jumapili ya mavuno, kapu la Penina ndilo lililotangulia madhabahuni na kufungua mnada wa sadaka. Mwaka huu mzee wa kanisa aliziona hoho za jirani huyo, Cresensia, nyekundu na za njano, zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Akatamka, "Mama Fabian, kesho hizi zitatangulia."

Penina aliyasikia hayo kupitia ua wa minyaa. Roho ikamchoma kama kaa la moto. Kisha akamwona Cresensia akinyunyizia mimea yake maji yenye povu.

"Kumbe mbolea ya dukani!" alinong'ona. "Halafu anajifanya amebarikiwa."

Cresensia alipokwenda mazoezi ya kwaya, Penina akapenya uani. Alifinya hoho moja baada ya nyingine, jasho likimtiririka. Alipomaliza, akajifuta macho kwa vidole.

"Mama yangu weee! Nakufa!"

Cresensia, aliyekuwa anarudi, akakimbilia bustanini. "Mama Emilian! Unafanya nini humo?"

"Nimekuja kuazima chumvi!"

"Chumvi siku hizi inaota kwenye hoho?"

"Umemwagia nini humu, mchawi wewe?"

"Dawa ya vidukari. Pilipili kichaa, kitunguu saumu na sabuni. Wote walihama, sikujua amebaki mmoja mkubwa."

Hata hivyo alimwosha macho kwa maziwa. Josephati, mume wa Penina, akafika akihema.

"Penina, wewe hoho ukiikuta kwenye mchuzi unaitoa na kijiko. Hizi zimekukosea nini?"

Maziwa yakimchuruzika kidevuni, Penina akainamisha kichwa. "Ni wivu, Mama Fabian. Sikutaka kapu lako lipite mbele ya langu. Nimezifinya zote."

Cresensia akaigeuza hoho moja yenye alama ya kucha. "Basi kesho utazibeba wewe hadi madhabahuni, na alama za kucha zako hivyo hivyo."

Na wahenga walishamuuliza Penina kabla hajazaliwa: pilipili usiyoila, yakuwashia nini?